Bacalhau na viazi vya oveni: kwa nini chumvi ilibaki na viazi vikagoma kuiva

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Dar es Salaam aliyeolewa na kijana wa Beira, Msumbiji. Wifi yake alimletea kutoka Maputo bacalhau mzima, yule samaki wa chumvi wa Wareno, bapa na mkavu. Anaandika: "Nilikata nusu nikaloweka usiku kucha, asubuhi nikachemsha nusu saa. Nikapanga kwenye trei pamoja na viazi vibichi nilivyokata slesi, nikamwagia krimu kama nilivyoona kwenye video, nikaoka dakika 40. Samaki akawa nyuzinyuzi na chumvi haimezeki, viazi vigumu, krimu imekatika. Mume wangu anasema ya mama yake ilikuwa na vitunguu vingi, na juu mayai na zeituni. Nimekosea wapi? Na huyu nusu aliyebaki akiisha, naweza kutumia papa au ng'onda wa kwetu?"

Dada yangu, pole, maana samaki huyu si wa bei ya dagaa. Oveni yako haina kosa. Kilichokuponza ni kuitegemea ipike, na chakula hiki hakipikwi na oveni. Samaki, viazi na vitunguu kila kimoja huiva peke yake, kwa moto wake na kwa muda wake, halafu vyote hukutana kwenye trei kwa robo saa hivi, vishikane na juu pachukue rangi. Na kabla ya hayo yote kuna siku mbili za maji. Kama una subira ya jambo moja tu, iweke kwenye hayo maji.

Kwanza tuyatenganishe mambo mawili uliyoyachanganya bila kujua. Ulichokiona kwenye video na anachokikumbuka mumeo ni vyakula viwili. Cha krimu kinaitwa Bacalhau com natas. Humo viazi hukatwa vipande vidogo vya mraba na kukaangwa kwanza, na krimu haimwagwi peke yake: huchanganywa na sosi nzito ya unga wa ngano, siagi na maziwa, na ule unga ndio unaoizuia isikatike. Wewe uliweka krimu tupu juu ya samaki mwenye chumvi kali na viazi vinavyotoa maji, kwa dakika 40. Lazima ikatike.

Cha mama mkwe wako, kwa hayo mayai, zeituni na vitunguu vingi, ni Bacalhau à Gomes de Sá, na asili yake ni Porto, kaskazini mwa Ureno. José Luís Gomes de Sá Júnior alizaliwa mji huo mwaka 1851, katika familia ya wafanyabiashara wa bacalhau. Mpaka leo ukiteremka ukingoni mwa mto Douro utapita barabara inayoitwa Muro dos Bacalhoeiros, yaani ukuta wa wauza bacalhau. Inasimuliwa kwamba biashara ilipomwendea kombo aliingia kazini Restaurante Lisbonense, hapohapo Porto, na kutokea humo mapishi yake yakaenea. Wareno walikwenda nayo Msumbiji, na familia nyingi za mijini kule haziioni Krismasi imetimia bila bacalhau mezani. Kwa hiyo mumeo hakutamani chakula tu hapo, alitamani Desemba ya kwao. Ndiyo maana nakushauri uache krimu kabisa.

Sasa huyo samaki. Jina lake la kitaalamu ni Gadus morhua, anaishi bahari ya baridi ya Atlantiki ya kaskazini, na katika maji ya Ureno yenyewe hapatikani. Wareno walianza kumfuata Newfoundland, upande wa Kanada, tangu karne ya 16. Katika karne iliyopita meli zao za matanga zilikuwa zikifika huko na kushusha vidau, kila kimoja na mvuvi wake mmoja, anavua kwa mshipi kutwa nzima kwenye ukungu. Kazi hiyo ya vidau ilikoma mwaka 1974. Siku hizi sehemu kubwa hutoka Norwei na Iceland.

Anafaa kutiwa chumvi kuliko samaki wengi kwa sababu nyama yake karibu haina mafuta, hayafiki hata asilimia 1. Mafuta yake yako kwenye ini, ndiyo yale tuliyokuwa tukinyweshwa kwa kijiko utotoni huku tumebanwa pua. Nyama isiyo na mafuta haichachi, ndiyo maana anakaa miezi mingi bila kupata ule ukali wa mafuta yaliyooza. Likumbuke hili, tutalirudia kwenye ng'onda.

Sheria ya Ureno inataka bacalhau mkavu asizidi asilimia 47 ya maji, na chumvi yake isipungue asilimia 16 ya uzito. Piga hesabu: kila nusu kilo uliyoloweka ilikuwa na chumvi isiyopungua gramu 80. Ni zaidi ya vijiko vinne vya mezani vilivyojaa, na haiko juu juu, imekwenda mpaka katikati ya nyama. Usiku mmoja kwenye beseni moja la maji hauitoi. Maji yanakolea, yakishakolea hayavuti tena, na samaki anabaki amelala kwenye brini, yaani maji makali ya chumvi, aliyoitengeneza mwenyewe. Ulipomchemsha nusu saa kweli ulitoa chumvi nyingine, ila uliitoa pamoja na utamu wote na ulaini, ukabakiwa na nyuzi.

Fanya hivi na hiyo nusu iliyobaki. Mwangalie kwanza. Rangi ya manjano hafifu, kama majani makavu, ni ya kawaida. Ukiona madoa ya waridi, nyama inateleza na harufu inakera, hao ni bakteria wapendao chumvi, usimsafishe, mtupe. Akiwa mzima, mpeleke kwa muuza nyama wako akukatie kwa msumeno wa mifupa, kwa sababu kisu cha nyumbani kitakukata wewe kabla ya kumkata yeye. Mwambie atenganishe sehemu nene ya mgongoni na sehemu nyembamba za tumbo na mkia. Kwa trei ya viazi tumia nyembamba. Nene ni tamu zaidi ikiokwa peke yake kwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, na kuichambua kwa ajili ya trei ni hasara.

Suuza kila kipande chini ya bomba mpaka chembe za chumvi za nje ziishe. Chukua chombo kikubwa, lita 5 za maji au zaidi kwa kila kilo ya samaki. Chini weka kichujio, au visosa viwili vitatu ulivyovifudikiza, ili samaki asiguse sakafu ya chombo. Maji ya chumvi ni mazito, yanazama na kukaa pale chini. Vipande vilale ngozi ikiwa juu, nyama ikitazama chini, maana chumvi hutokea upande wa nyama, ngozi inaizuia. Funika, ingiza kwenye friji.

Friji si anasa hapa. Ureno wakati wa baridi watu huloweka juu ya meza ya jikoni bila wasiwasi. Dar es Salaam maji ya bomba peke yake ni vuguvugu, na samaki akishapoteza chumvi yake amepoteza kinga yake, anakuwa samaki mbichi kama wengine. Ukimwacha siku mbili kwenye joto letu utamkuta anateleza. Kama umeme wenu unakatika, weka chupa za maji yaliyoganda ndani ya chombo na uzibadilishe.

Badilisha maji mara ya kwanza baada ya saa mbili au tatu, kwa kuwa chumvi nyingi hutoka mwanzoni. Baada ya hapo kila saa sita mpaka nane, ukilala lala, haitaharibika. Vipande vyembamba vitahitaji kama saa 24, vya unene wa kati saa 36, vile vinene vya mgongoni saa 48. Kama mnakula Jumapili mchana, nene ziingie majini Ijumaa asubuhi, nyembamba Jumamosi asubuhi.

Lakini saa ni kiongozi tu, mwamuzi ni ulimi. Chukua kipande kinene kuliko vyote, nyofoa chembe ya nyama katikati yake, si pembeni, onja ikiwa mbichi. Unatafuta chumvi ya mchuzi uliokolea vizuri. Ikikukumbusha maji ya bahari, rudisha, badilisha maji, subiri saa sita nyingine. Usione hana chumvi kabisa ndiyo umeshinda, hapo umepitiliza: bacalhau aliyekaa majini siku tatu nne anakuwa mlegevu na hana ladha, na ukimtia chumvi ya mezani haimrudishi. Akiwa tayari atakuwa amevimba na kuwa mzito, mweupe, anapinda. Ni wazo zuri kuloweka vipande vyote kwa pamoja na kugandisha vitakavyobaki. Mara nyingine unaanzia kwenye kupika.

Kwa watu sita chukua nusu kilo ya bacalhau aliyepimwa akiwa mkavu, kilo moja ya viazi mviringo, vitunguu maji vikubwa vitatu au vinne, punje nne za saumu, mayai manne, lita moja ya maziwa, mafuta ya zeituni robo lita pungufu kidogo, zeituni nyeusi kiganja kimoja, na pasli. Pilipili manga ya kusaga. Chumvi usiishike. Najua mkono utataka kuishika, uuzuie mpaka mwisho. Mafuta utaona ni mengi, na ndivyo yanavyotakiwa, yanageuka kuwa mchuzi. Bei ikikubana changanya nusu kwa nusu na ya alizeti.

Samaki haruhusiwi kutokota. Hapo ndipo mapishi ya Porto yalipo na akili. Panga vipande kwenye sufuria, mimina juu maji yaliyochemka mpaka yafunike, zima moto, funika mfuniko, kisha ufunge sufuria nzima kwa kitambaa kizito. Mapishi ya kale yanataja kitambaa kinene cha sufi au magazeti mawili, wewe tumia taulo. Dakika 20. Joto linaingia polepole na kushuka lenyewe, na nyama inaachana kwenye mistari yake ya asili, mapande yanayong'aa yanayoteleza moja juu ya jingine ukiyasukuma kwa kidole. Ukiona mapande hayo ujue umepatia. Ukiona nyuzi kavu, maji yalikuwa jikoni yanachemka.

Akipoa kiasi cha kushikika, ondoa ngozi na miiba. Pitisha vidole, usiamini macho. Miiba ya pembeni mwa tumbo ni myembamba na inajificha. Usimsage. Mapande ya upana wa vidole viwili ndiyo tunayoyataka, maana kwenye oveni yatavunjika zaidi. Yapange kwenye bakuli, chemsha maziwa yakaribie kufura, yamwage juu mpaka yazame. Yaache saa moja na nusu, saa mbili si mbaya. Watu wengi huiruka hatua hii kwa kuwa haionekani kwenye picha, na ndiyo inayotofautisha chakula hiki na samaki wa chumvi na viazi wa kawaida. Maziwa yanamaliza chumvi ya mwisho, yanatuliza harufu, na nyama inarudi kuwa laini na tamu kidogo. Chemshia humo humo ngozi na miiba kabla ya kumimina, kisha uchuje, maziwa yatapata uzito fulani wa kunata. Ukishindwa haidhuru.

Kabla hujauliza: tui la nazi? Linaweza, na litakupa chakula kitamu, ila kitakuwa chakula kingine. Mlipike siku ya kawaida. Siku unayotaka mumeo afumbe macho na kuonja nyumbani kwao, maziwa ya ng'ombe.

Viazi vyako viligoma kwa sababu nyepesi: slesi mbichi zilizorundikana, zikiwa zimefunikwa krimu baridi, haziwezi kuiva kwa dakika 40 kwenye oveni ya kawaida. Moto unafika juu, ndani bado. Vichemshe vikiwa na maganda yake, uvianzishe kwenye maji baridi, bila chumvi. Kisu kiingie lakini kipate upinzani kidogo katikati. Vikiiva vya kuponda umechelewa. Walioko Kenya mnaotumia kiazi cha aina ya Shangi muwe macho, kinaiva haraka na kupasuka ukigeuka kidogo. Vitoe, viache vipoe kabisa. Kiazi kilichopoa wanga wake umeshikana, unakimenya na kukikata vipande vya unene wa kidole bila kuvunjika. Cha moto kitakuharibikia mikononi.

Wakati viazi vinapoa, vitunguu. Vikate pete nyembamba, saumu zichape tu kwa ubapa wa kisu. Pasha mafuta yote ya zeituni kwa moto mdogo, mwaga vitunguu na saumu, na usiwe na haraka ya pilau. Hatutaki rangi ya kahawia. Tunataka vilainike, viwe kama kioo, vianze kuwa vitamu, na hiyo ni dakika 20 mpaka 25 ukivigeuza mara kwa mara. Vikishaanza kukaangika kwa sauti, punguza moto. Kitunguu cha kahawia kina ladha nzuri sana mahali pake, lakini hapa kitafunika samaki uliyemhangaikia siku mbili.

Ingiza viazi kwenye sufuria ya vitunguu, vigeuze taratibu ili kila kipande kipate mafuta. Toa samaki kwenye maziwa, mwongeze, geuza mara mbili tatu kwa mwiko wa mbao, ukiokota kutokea chini. Pilipili manga. Sasa onja kipande cha kiazi pamoja na samaki. Kama inahitaji chumvi, hapa ndipo pa kuitia, na mara nyingi haihitaji. Mimina kwenye trei au bakuli la udongo linalohimili oveni, pana kuliko lenye kina, mafuta yote na vitunguu vyake. Nyunyiza vijiko vitano sita vya yale maziwa ya samaki. Yakizidi yatachemshia chakula badala ya kukioka.

Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 200, dakika 15 mpaka 20. Unasubiri pembe za viazi zichukue dhahabu na mafuta yatokote ukingoni. Mayai ya kuchemsha uliyoyakata duara, zeituni na pasli vinawekwa juu ukishatoa, si kabla. Yai likiingia oveni linakuwa mpira na zeituni zinakunjamana. Jibini usitie. Najua video nyingi zinatia, na sina ugomvi na jibini, lakini hapa inaleta chumvi nyingine juu ya chumvi uliyoitoa kwa jasho.

Kwa wasomaji wasio na oveni, tumieni sufuria nzito kwenye jiko la mkaa na kupalia moto juu, kama mnavyopika mkate wa kumimina. Chini makaa machache sana, juu ya mfuniko mengi. Kila kitu kimeshaiva, kwa hiyo moto wa chini kazi yake ni kuweka joto tu. Ukizidi, vitunguu vitashika chini na ladha ya kuungua itapanda juu. Dakika 15 zinatosha, funua uangalie.

Tuje kwa papa na ng'onda. Pwani yetu haijaanza kula samaki wa chumvi jana. Majahazi ya Arabuni yalikuwa yakija na pepo za kaskazi yakiwa na papa mkavu wa kuuza Unguja na Mombasa. Lakini papa hafai kwenye trei hii. Nyama yake ina urea, na ikikaushwa inageuka kuwa ile harufu kali ya amonia ambayo wapenzi wake wanaitafuta na wengine wanaikimbia. Kwenye mchuzi wa nazi wenye ndimu na pilipili inapata wa kushindana naye. Kwenye maziwa na mafuta ya zeituni haina mpinzani, itatawala nyumba. Isitoshe nyama yake haiachani kwa mapande, inachambuka nyuzi.

Ng'onda inategemea ni wa samaki gani. Nguru ana mapande mazuri, tatizo ni mafuta yake. Anapoanikwa juani mafuta yale yanachacha, na ukimtia kwenye maziwa ya moto ukali wake unatoka wazi. Pia nguru na jodari wana hatari ambayo bacalhau hana kwa kiasi hicho: wakikaa kwenye joto kabla chumvi haijawaingia vizuri, hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kuloweka wala kwa kupika. Ukila unapata wekundu usoni, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio. Kwa hiyo nunua kwa mtu unayemjua namna anavyoanika, na hata hivyo mpike kwa mchuzi, si kwa trei hii.

Njia bora ni kumtia chumvi mwenyewe samaki mweupe asiye na mafuta. Changu atafaa, chewa atafaa zaidi kwa sababu mapande yake ni manene. Chukua minofu kilo moja, mbichi kweli, iliyotoka soko la samaki la Feri asubuhi ile. Weka tabaka la chumvi ya mawe kwenye bakuli la plastiki au la kioo, laza samaki, mfunike kwa chumvi nyingine, jumla gramu 300 au 400. Funika, weka kwenye friji saa 24. Utamkuta ameogelea kwenye maji yake mwenyewe, amekuwa mgumu na mwembamba zaidi. Msuuze, mloweke kwenye friji saa 8 mpaka 12 ukibadilisha maji mara tatu, uonje kama nilivyokueleza. Hatakuwa na ile ladha nzito ya samaki aliyekomaa miezi kwenye chumvi, lakini mapande atakupa, na baada ya maziwa na vitunguu wageni wengi hawatamtofautisha. Mumeo atamtofautisha, usijisumbue kumficha.

Kama ile trei ya kwanza bado iko kwenye friza, usiitupe. Kuongeza viazi vibichi kwenye mchuzi ili "vinyonye chumvi" hakuna maana, viazi havichagui chumvi. Kinachosaidia ni kuizimua. Toa samaki umtenge na krimu iliyokatika, mwondoe miiba, mchambue kabisa. Mloweke kwenye maziwa ya vuguvugu saa moja, mwage maziwa hayo. Chemsha viazi bila chumvi, mara mbili au tatu ya uzito wa samaki, viponde, changanya na samaki, kitunguu kilichokatwakatwa, pasli nyingi na yai, tengeneza katlesi, kaanga. Wareno wenyewe wanazo karibu sawa na hizi, wanaziita pastéis de bacalhau, na zile nyuzi zilizokukera kwenye trei humo ndani zinatakiwa.

Mkiwa na mtu mwenye shinikizo la damu nyumbani, mpakulie viazi zaidi na samaki kidogo. Hata aliyelowekwa vizuri bado ana chumvi kuliko samaki mbichi.

Uliuliza pia mwisho wa barua kama unaweza kuandaa jana yake ili siku ya wageni usishinde jikoni. Unaweza, na vitunguu vikilala na samaki vinaelewana zaidi. Panga trei yote isipokuwa mayai, zeituni na pasli, acha ipoe, funika, iweke friji. Kesho yake itoe nusu saa kabla, nyunyiza maziwa kidogo, funika kwa foili, oka nyuzi 180 dakika 25, kisha fungua foili, pandisha moto mpaka 200 kwa dakika 10. Mayai yachemshe asubuhi hiyo hiyo. Pembeni weka kachumbari isiyo na chumvi, yenye ndimu ya kutosha.